Nyumba ya Wete na Vitu Visivyo na Mwenye Kauli: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ya Wete, Pemba, ambayo kwa miaka kadhaa wenyewe walikuwa wakiisema kuwa "imejaa", na ambayo kila jaribio la kuipunguza lilimalizika kwa kutoelewana kidogo na kutengenezwa kabati jengine. Majina ya wahusika nimeyaacha. Mwenye nyumba nitamwita Bi Mkubwa, kwa kuwa ndivyo wakwe zake wanavyomwita, na wanawe nitawataja kwa nafasi zao. Aliyeniomba nifike ni binti mdogo, ambaye amerudi kuishi na mama yake pamoja na watoto wake wawili, na maelezo yake kwenye simu yalikuwa mafupi: mama hataki kutoa kitu. Nilipoizunguka nyumba yote niliona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Sehemu kubwa ya vilivyoijaza nyumba ile ilikuwa ni vitu ambavyo hakuna hata mmoja kati ya wakaazi wake aliyekuwa na kauli juu yavyo.

Hali ya nyumba

Nyumba ni ya mawe na chokaa, yenye umbo linalojulikana kote visiwani: baraza mbele, ukumbi unaotoka mlangoni hadi uani, vyumba viwili kila upande, na huko uani kuna jiko, choo na banda la bati ambalo zamani lilikuwa la kuekea karafuu. Katika vyumba vinne, kimoja mlango wake ulikuwa haufunguki zaidi ya upana wa bega, kwa sababu nyuma yake yamepangwa maboksi hadi karibu na boriti. Ukumbi wenyewe ulikuwa umebakiwa na njia moja nyembamba. Upande mmoja zilisimama friza mbili zisizofanya kazi, maboksi ya vigae, sinki na mifuko ya sementi, na upande wa pili kulikuwa na makochi ya harusi ya binti wa kati, yamefunikwa mashuka na hayakaliwi na mtu. Watoto walikuwa wakiandika kazi zao za skuli barazani, na jua likizama wanaacha.

Lililoifanya hali hii ionekane kuwa ya dharura ni kuanguka kwa Bi Mkubwa. Umri wake umepita miaka 70, na alfajiri moja, umeme ukiwa umekatika, alijikwaa kwenye mfuko wa sementi alipokuwa akielekea uani kutia udhu, akategua kifundo cha mkono. Mwana mkubwa, ambaye anafanya kazi Maskati, aliposikia habari hizo alituma fedha za kabati. Seremala wa mtaani akachonga kabati la milango minne, kabati likajaa katika wiki hiyo hiyo, na likawekwa mahali palipokuwa na kitanda cha wageni. Hakuna mfuko wa sementi ulioingia kabatini, bila ya shaka, na njia ya kwendea uani ilibaki vile vile.

Chumba cha Bi Mkubwa ndicho kilichonifanya nianze kuyatilia shaka maelezo ya binti mdogo. Kina kitanda, mkeka wa kusalia, kasha la njumu na mashubaka mawili ukutani, moja lina msahafu na miwani, la pili lina dawa zake katika bakuli lenye kifuniko. Alinifungulia kasha mwenyewe kwa mkono ulio mzima. Doti za kanga zilikuwa zimekunjwa kwa kipimo kimoja, zilizokwisha kushonwa upindo upande mmoja na ambazo hazijakatwa upande wa pili, na baina ya tabaka na tabaka kuna vijifuko vya kitambaa vyenye karafuu kavu ili nondo wasiingie. Alijua kila doti imetoka kwenye harusi ya nani, na zile ambazo hazivai tena alikuwa ameshazitenga kwa ajili ya wajukuu. Mtu wa chumba kama hiki hawezi kuambiwa kwamba hajui kupanga, wala kwamba hana moyo wa kutoa.

Kitu hiki cha nani?

Siku hizi limeenea fundisho la kwamba mtu ashike kila kitu chake mkononi na ajiulize kama bado kinampa furaha, na kisipompa akiache kiende. Sina ugomvi nalo kwa mtu anayeishi peke yake katika nyumba ya kupanga, ila hapa Wete lisingepita hata ukumbini, kwa sababu linaanza na dhana ya kwamba anayekishika kitu ndiye mwenye kitu. Nilimuuliza Bi Mkubwa kuhusu friza iliyokuwa karibu na mlango wa uani.

"Hiyo ya mtoto wa dada yangu," alijibu. "Aliiweka alipohamia Unguja."

"Inafanya kazi?"

"Hata. Lakini si yangu, mwanangu. Nitaitoa kwa kauli ya nani?"

Baada ya jibu hilo tulichukua daftari la skuli, mimi, yeye na binti mdogo, tukapita chumba kwa chumba bila ya kuhamisha chochote, na mbele ya kila rundo tukaandika mambo mawili tu: kitu ni cha nani, na nani anayeweza kusema kitoke. Kazi hiyo ilituchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kila kitu kilikuja na hadithi yake, lakini ilipokwisha sura ya nyumba ilikuwa imebadilika mbele ya macho yetu ingawa hakuna kilichosogea. Vitu vya Bi Mkubwa mwenyewe vilikuwa vichache kupita vyote. Vya binti mdogo na watoto vilikuwa vya kawaida kwa familia yenye watoto. Vilivyobaki, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vimeijaza nyumba, viligawika kuwa amana za watu walio hai, mirathi ya marehemu mume wake ambayo haijagaiwa, na vyombo vya shughuli vya mtaa.

Amana ndizo zilizokuwa nyingi zaidi, na chanzo chake si kigumu kukiona. Watoto wa Pemba wanaondoka, wanakwenda Unguja, Dar es Salaam au Uarabuni, na nyumba ya mama ndiyo mahali pekee ambapo kitu kinaweza kuachwa bila ya kodi na bila ya muda. Kusafirisha kochi au kabati kwa meli kutoka bandari ya Mkoani kuna gharama yake, basi mtu husema atakuja kulichukua. Zaidi ya hayo, tangu waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010 na umeme wa majenereta ukawekwa kando, watu wamenunua friji, friza na mashine za kufulia kwa wingi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika zinakotoka, na vyombo hivyo vikifa havitupwi kwa sababu fundi daima anasema kuna kipuri kinachosubiriwa. Katika nyumba hii kulikuwa na friza mbili, mashine moja ya kufulia na televisheni ya kioo kinene, vyote vinasubiri vipuri.

Bi Mkubwa aliuchukulia ulinzi wa vitu hivi kwa uzito wa dini, na hakukosea. Hata hivyo, hukumu ya amana ina pande mbili, na watu wengi wanaushika upande mmoja tu. Ni kweli kwamba aliyewekewa hana ruhusa ya kuuza, kutumia wala kugawa bila ya idhini ya mwenyewe. Ni kweli pia kwamba amana haimfungi aliyewekewa maisha: anaweza wakati wowote kumwambia mwenye mali aje achukue chake, na kitu kikiharibika bila ya uzembe wake yeye halazimiki kukilipa. Nilimwomba binti mdogo amuulize imamu wa msikiti wao, ili maneno haya yasitoke kwangu, naye akarudi na jibu lile lile. Nadhani hapo ndipo kazi ilipowezekana. Bi Mkubwa hakuhitaji kushawishiwa kwamba vitu havina maana. Alihitaji kujua kwamba kumwambia mtu "njoo chukua" si kuvunja uaminifu.

Kila amana ilipigwa picha, na Bi Mkubwa akatuma ujumbe wa sauti kwa sauti yake mwenyewe, si ya binti wala yangu, akitaja kitu, akitaja wakati kilipowekwa, na akimpa mwenyewe hiari ya kukifuata kabla ya masika au kutoa idhini kiuzwe au kitolewe. Majibu mengi yalikuja siku hiyo hiyo, na mengi yalikuwa neno "toeni tu". Baadhi ya watu walikuwa wameshasahau. Mpwa mwenye friza alikaa kimya, na binti mdogo akataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani wakipima kwa kilo. Bi Mkubwa alikataa, nami nilikuwa upande wake: mwenye mali anajulikana, yu hai, na Unguja si mbali. Binti mwengine wa Bi Mkubwa, anayeishi Chake Chake, alikuwa na safari ya huko, akaenda kumgongea mlango, na idhini ikapatikana barazani pale pale, pamoja na malalamiko kidogo.

Aliyekuwa mgumu ni mwana mkubwa wa Maskati. Vigae, sinki na sementi vilikuwa vyake, vimewekwa kwa ajili ya nyumba anayoijenga pembezoni mwa mji na ambayo imesimama kwenye lenta. Kwa upande wake yeye ndiye aliyekuwa akiisaidia nyumba kwa kutuma fedha za makabati, na ujumbe wa mama yake aliupokea kama lawama. Hapo tulipasua mfuko mmoja wa sementi kwa nyundo. Sementi hunyonya unyevu wa hewa hata kama mfuko haujafunguliwa, na katika hali ya hewa kama yetu haifai kuekwa zaidi ya miezi mitatu hivi. Hii ilikuwa imekaa miaka, na ndani ya karatasi mlikuwa na jiwe la kilo 50 lenye umbo la mfuko. Alipotumiwa picha hiyo hakubishana tena. Aliagiza mlango na kufuli kwa chumba kimoja cha jengo lake, vigae na sinki vikahamishiwa huko kwa gari ya ng'ombe, na mifuko ile ikapangwa uani kuwa ngazi ya kupandia jikoni.

Mirathi iliyofungiwa chumbani

Chumba kisichofunguka kilikuwa cha kazi cha marehemu, aliyekuwa mwalimu wa skuli na mwenye mikarafuu. Baada ya eda ya miezi minne na siku kumi Bi Mkubwa alikifunga, na kwa kuwa kilikuwa hakitumiwi, maboksi ya wengine yakaanza kuingizwa humo moja baada ya jengine. Mikarafuu na mashamba yaligaiwa mapema na kwa utaratibu. Vitu vya ndani havikuguswa, kwa sababu hakuna mtoto aliyetaka kuonekana wa kwanza kuulizia baiskeli ya baba. Haya hii ni ya heshima, ila matokeo yake ni kwamba mali ya watu sita ilikaa gizani ikiliwa na mchwa. Rundo la magazeti lililokuwa sakafuni lilionekana zima, na nilipoliinua lilikuwa ganda la karatasi lililojaa udongo.

Kisheria vitu hivyo ni sehemu ya tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, sawa na shamba, na baada ya madeni, na wasia usiozidi thuluthi kama upo, vina wenyewe. Marehemu aliacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Saba ya nane zinazobaki zinagaiwa mafungu saba, kila mwanamme mawili na kila mwanamke moja, hivyo hesabu inatoka safi: mali nzima ni mafungu manane, mama moja, kila binti moja, kila mwana wa kiume mawili. Niliandika mgawo huu kwenye ukurasa wa daftari kwa sababu niligundua kwamba watoto wenyewe walikuwa hawana uhakika nao, na kila mmoja alikuwa akidhani kwamba kugusa kitu chochote kungemdhulumu mwengine kwa kiasi asichokijua.

Wote watano walikutana Wete siku za Idi. Seremala na mzee mmoja jirani walithaminisha vitu vyenye thamani, yaani baiskeli, mizani, meza ya msaji, magunia na majamvi mazima, na bei zake zikaingizwa katika mafungu. Makanzu yalitolewa sadaka kwa ridhaa ya wote, ambao wote ni watu wazima, na kila mmoja akachagua kofia moja ya kiua. Vitabu vilivyosalimika vilichukuliwa na mwana wa pili. Kulikuwa na mzozo mmoja tu, wa saa ya ukutani, ambayo watoto wote wawili wa kiume waliitaka. Bi Mkubwa aliisikiliza kwa muda, kisha akasema saa hiyo iingie kwenye thumni yake, akaitundika ukumbini, na mjadala ukaishia hapo.

Madaftari ya hesabu za karafuu yalinisumbua zaidi kuliko vitu vya thamani. Nililofungua lilikuwa na safu tatu kwa mkono wa mwalimu: jina la mchumaji, pishi alizochuma, na alicholipwa, msimu kwa msimu. Hakuna wa kuyanunua, na binti mdogo aliyaona kuwa ni karatasi tu. Ushauri wangu ulikuwa yabaki. Yaliwekwa pamoja na hati ya nyumba, vyeti na risiti katika sanduku moja la bati lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na sakafu na ukuta.

Kuta, uani na vyombo vya watu

Mchwa na ukungu havikuwa bahati mbaya. Kuta za mawe na chokaa hupanda unyevu kutoka ardhini na huutoa kupitia chokaa yenyewe, ndiyo maana zikipigwa plasta ya sementi unyevu hukwama ndani, rangi inabanduka na ukuta unaanza kumung'unyika. Ukuta wa chumba kile, upande wa nje, ulikwisha kupigwa sementi miaka ya nyuma, na upande wa ndani ulizibwa na maboksi yaliyoegemezwa juu yake, kwa hiyo haukuwa na pa kupumulia popote. Maboksi ya karatasi yaliyolala sakafuni kwa misimu kadhaa ya masika yaliwapa mchwa njia na chakula kwa pamoja. Kwa vitu vilivyobaki tuliweka utaratibu usiohitaji fedha: hakuna kinachogusa ukuta, kila kitu kinaachiwa nafasi ya kupita mkono, na chochote kinachokaa chini kinakaa juu ya mbao zilizoegeshwa kwenye matofali, ili fagio lipite na njia za mchwa zionekane mapema. Siku kavu, madirisha ya pande mbili yanafunguliwa.

Uani kulikuwa na tairi, madebe ya rangi na ndoo zilizopasuka, vyote vimeshika maji ya mvua, na katika debe moja viluwiluwi vya mbu vilionekana bila ya kuinama. Mbu wa Aedes, anayeambukiza homa ya dengi na ambaye huuma mchana, hutaga katika vyombo vidogo kama hivi, na katika joto letu yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Vitu hivi havikuwa na mwenyewe, na havikuhitaji kikao. Viliondoka asubuhi hiyo hiyo.

Vyombo vya shughuli, kwa upande mwengine, sikupendekeza vitoke. Masufuria makubwa, masinia, mabakuli na miiko ya pilau ni vya wanawake wa mtaa, na Bi Mkubwa ndiye anayevitunza na kuviazimisha panapokuwa na harusi, maulidi au msiba. Viligeuzwa kimoja kimoja kuangaliwa alama zilizotiwa chini kwa rangi ya kucha, ambazo kila nyumba ina yake, na vile vilivyoonekana kuwa vya nyumba nyengine vikarejeshwa. Vilivyobaki vilihamishiwa katika banda la bati, juu ya mbao, masufuria yakiwa yamefunikiwa ili panya wasifanye makaazi.

Kipimo ambacho familia ilikubaliana nacho hakikutoka kwangu. Mwana wa pili ndiye aliyesema kwamba ukumbi wa nyumba kama hii lazima uweze kutandikwa majamvi kwa taarifa fupi, kwa kuwa hitma na posa vyote vinafanyika humo, na kwamba alipofariki baba yao wanaume walikaa njiani kwenye jua. Sioni kipimo bora zaidi. Makochi ya harusi yalifuatwa na mwenyewe kutoka Dar es Salaam, kwa gharama iliyomuuma, na meza ya watoto ya kuandikia ikawekwa katika chumba kilichokuwa cha babu yao. Daftari linaning'inia nyuma ya mlango wa mbele, na anayetaka kuacha kitu anaandika jina lake na mwezi atakaokichukua.

Lililobaki ni ukuta. Fundi wa chokaa aliyeuangalia amesema plasta ya sementi ivuliwe yote, ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima, ndipo upigwe chokaa upya, na bei aliyotaja si ya mtu mmoja. Hapo limezuka swali ambalo vikao vya Idi havikuligusa, nalo ni kwamba nyumba yenyewe bado ni ya warithi wote sita kwa mafungu yale yale manane. Binti wa Chake Chake anataka gharama ifuate mafungu, mwana wa pili yuko tayari kulipa lake, na mwana mkubwa ameomba wasubiri hadi jengo lake lipauliwe. Bi Mkubwa ameshatoa thumni yake taslimu, imo ndani ya kasha, na fundi ameambiwa arudi masika yakishapita.